Maziwe: kasa wanaotaga kwenye kisiwa kilichozama

Ukisimama ufukweni Ushongo, kusini ya mto Pangani, asubuhi ya maji kupwa, unaona mbali baharini mstari mweupe mwembamba kama chokaa iliyomwagwa juu ya maji. Ndiyo Maziwe. Rudi hapo bahari ikishajaa, hasa siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu maji yanapojaa kupita kawaida, na mstari haupo. Manahodha wanaopeleka wageni kuogelea kwenye matumbawe ya huko huwaambia mapema kabisa: tuna saa chache, maji yakianza kupanda tunaondoka, maana hapatakuwa na pa kusimama.

Kasa hawajaambiwa habari hizo. Kasa jike, mwenye uzito wa kilo mia na zaidi, hupanda pale usiku, akachimba shimo kwa mapezi ya nyuma, akaweka mayai kama 110, akafukia, akatawanya mchanga juu yake ili kupoteza alama, kisha akarudi majini. Ni kazi ya saa moja hadi mbili, na akishaondoka hana habari tena na mayai yale. Yanayobaki yanahitaji mchanga mkavu, wenye joto na hewa, kwa siku zipatazo 55. Ndani ya siku 55 mwezi hupita bamvua karibu nne. Kila bamvua bahari hulifunika fungu lile mara mbili kwa siku, siku kadhaa mfululizo.

Watafiti waliochukua mayai ya kasa wa Raine Island, Australia, na kuyazamisha katika maji ya chumvi waliona kwamba kuzama kwa saa moja hadi tatu hakukuleta madhara makubwa. Kwa saa sita uwezo wa mayai kutotoa ulishuka kwa asilimia 30 hivi. Hapo ni kuzama mara moja tu. Yai la Maziwe likiachwa lilipo litazama mara kadhaa katika bamvua ya kwanza, kabla hata ya kiumbe kilichomo kupata umbo.

Kwa hiyo mayai huhamishwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, walinzi wa viota wamekuwa wakienda Maziwe kwa boti kutafuta alama za mapezi mchangani, kuyafukua mayai na kuyaleta Ushongo yazikwe upya juu ya mstari wa maji. Kazi hiyo imefanywa na watu wa kijijini, shirika la hapo hapo liitwalo Friends of Maziwe, na Sea Sense, shirika la Kitanzania lililoanzia shughuli zake za kasa kisiwani Mafia mwaka 2001. Eneo lenyewe ni tengefu, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994.

Nimeandika kisa hiki kwa sababu kila anayekisikia hukifurahia kwa namna ile ile: vitoto vya kasa vinakimbilia baharini jua likizama, watu wanapiga picha, makofi. Sina ugomvi na makofi. Ila ndani ya kisa hiki kuna hesabu ya miaka ambayo haifanywi sana, na isipofanywa tutakuja kuwahukumu vibaya watu wale wa boti.

Tuanze na kisiwa chenyewe. Maziwe hakikuwa fungu siku zote. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje na kivuli. Jack Frazier, mtafiti aliyeipitia pwani yetu miaka ya 1970, aliyataja mazalia ya Maziwe kuwa muhimu kuliko yote ya kasa nchini Tanzania. Aina tatu zilitaga pale: kasa huyu wa kawaida, ambaye Waingereza humwita green turtle, ng'amba (hawksbill), na yule mdogo mwenye rangi ya zeituni. Leo wanaotaga katika pwani yote ya Tanzania ni aina mbili, kasa na ng'amba. Yule wa tatu hupita tu.

Halafu miti ikaisha. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na mvinje hata mmoja uliosimama, na kilichobaki ni mchanga unaohamahama na kuzama.

Kwa nini? Hapa watu hawakubaliani. Mpango wa taifa wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi wa mwaka 2007 uliitaja Maziwe, pamoja na Fungu la Nyani huko Rufiji, kuwa mfano wa visiwa vilivyomezwa na kupanda kwa bahari, na tangu hapo ndivyo hotuba nyingi zinavyosema. Mimi naona tabianchi imebebeshwa hapa mzigo usio wake wote. Katika karne ya 20 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa kati ya milimita moja na mbili kwa mwaka. Piga hesabu mpaka 1980, unapata sentimita kumi na kitu. Kwa pwani ambayo maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu siku za bamvua, sentimita kumi na kitu hazikizamishi kisiwa chenye miti kwa miaka michache. Zinakidhoofisha. Ila miti ikikatwa, mizizi iliyoshika mchanga ikaoza, kusi moja kali, upepo wa kutoka kusini, linaweza kubeba kilichokusanywa kwa karne nzima. Wapo pia wanaoutazama mto. Katikati ya miaka ya 1960 mto Pangani ulizibwa juu kwa bwawa la Nyumba ya Mungu na chini zaidi kwa mitambo ya umeme ya Hale, na mto uliozibwa hauleti pwani mchanga kama zamani. Uzito wa kila sababu hauwezi kupimwa tena. Ushahidi wenyewe umeshasombwa. Lakini tofauti hiyo ina maana yake kwa wenye visiwa vingine vya mchanga: anayeamini kwamba ni bahari tu iliyopanda hatajisumbua kulinda mivinje yake.

Australia walipata tatizo la jamaa moja na hili wakachagua dawa nyingine. Raine Island, yenye mazalia makubwa kuliko yote duniani ya kasa wa aina hii, ilianza kuzamisha viota. Kuanzia mwaka 2014 waliingiza mitambo wakahamisha mchanga na kuliinua eneo la kutagia. Waliwaacha kasa na mayai yao wakanyanyua ardhi. Kwa Maziwe sioni hilo likiwezekana. Raine bado ni kisiwa, chenye kitu cha kunyanyua. Maziwe ni fungu linalobadilika umbo kila msimu wa upepo, na ukilirundikia mchanga leo, kusi litaupangua kabla deni la mafuta ya mitambo halijalipwa. Tumebaki na koleo na boti.

Kuhamisha mayai ya kasa si kama kuhamisha mayai ya kuku, na nusu ya thamani ya walinzi wale ni kwamba wanalijua hilo. Mayai yakiwa tumboni mwa mama, ukuaji wa kiumbe husimama. Yakishatagwa huanza upya, na ndani ya saa kadhaa kiumbe hujishikiza juu, upande wa ndani wa ganda. Akishashika, ukiligeuza yai umemuua, na kwa nje yai halionyeshi lolote. Utakuja kulifukua baada ya miezi miwili ukute limeoza. Ndiyo sababu mayai huchukuliwa mapema iwezekanavyo usiku ule ule au alfajiri, na kila yai hubaki vile vile lilivyolala. Chombo cha kubebea hutandikwa mchanga na kufunikwa jua lisipige. Shimo jipya huchimbwa kwa kina na umbo la lile la kwanza, jembamba juu na pana chini kama chungu, kwa sababu vitoto husaidiana kupanda kwa kuporomosha mchanga kutoka darini mwa shimo hilo. Huku ndani ya boti bahari inarusha. Anayedhani huu ni utalii ajaribu kushika ndoo ya mayai 110 bila kuyatikisa kwenye mkondo wa Pangani.

Kisha kuna gharama, ambayo kwa Maziwe ni tofauti na ya Mafia. Kule Mafia mradi ulianza kwa kumlipa mwanakijiji aliyekiona kiota na kutoa taarifa. Sehemu ya malipo alipewa siku hiyo hiyo, sehemu nyingine baada ya mayai kutotolewa, ili kiota kizima kimpe faida kuliko kiota kilichokaangwa. Ni mpango wa akili sana, kwa sababu mtu anayekwenda shambani au pwezani hupita ufukweni hata hivyo, macho yake ni ya bure. Maziwe hakuna anayepita bure, ni petroli kwenda na petroli kurudi, na ukikosa siku mbili tatu umekosa kiota. Kiingilio cha wageni na pesa za wanaokuja kutazama vitoto vikitoka husaidia, lakini wageni hukatika, kama walivyokatika mwaka 2020, na kasa hawahesabu wageni kabla ya kutaga.

Sasa joto. Kasa hazaliwi na jinsia iliyokwisha kuamuliwa kwa damu kama sisi. Inaamuliwa na joto la mchanga, katika theluthi ya kati ya siku za kuatamiwa. Karibu na nyuzi 29 za Selsiasi hupatikana majike na madume sawa au karibu sawa. Zikizidi majike huongezeka, zikipungua madume. Kule kaskazini mwa tumbawe kubwa la Australia, utafiti uliotolewa mwaka 2018 uliwakuta kasa wachanga zaidi ya asilimia 99 wakiwa majike. Mchanga wa Maziwe ni mweupe na wazi, hauna kivuli hata cha jani. Ufukwe wa Ushongo una minazi. Ukikizika kiota wazi au ukikizika chini ya mnazi, umezalisha watoto tofauti. Kwa hiyo mwenye koleo, atake asitake, anachagua jinsia ya kizazi. Sisemi hili kuwalaumu. Nasema mahali pa kuzika viota pasichaguliwe kwa sababu ya ukaribu na njia au kwa urahisi wa wageni kukusanyika, na kipimajoto kidogo kinachoachwa kiotani kisionekane kuwa anasa ya watafiti. Kugawanya viota, vingine juani vingine kivulini, ni kinga rahisi ambayo haidai hata kipimajoto.

Wengine wana hofu kwamba kitoto kilichotolewa Maziwe kikakulia kiotani Ushongo kitapotea, hakitajua pa kurudi. Hofu hii naiona ndogo. Kasa jike hurudi kutaga katika eneo alikotoka, na ushahidi mwingi, hasa kazi za Kenneth Lohmann na wenzake huko Marekani, unaonyesha kwamba kumbukumbu yake ni ya nguvu ya sumaku ya dunia, ambayo hutofautiana kidogo kidogo kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini ya pwani. Kati ya Maziwe na Ushongo ni kilomita chache. Kwa dira ya kasa hapo ni pamoja. Kama kuna lolote, kitoto kilichotokea Ushongo kinaweza siku moja kupanda Ushongo badala ya fungu linalozama, na hiyo itakuwa heri.

Siku hiyo ni lini, ndiyo hesabu niliyosema.

Kasa wa aina hii hakui haraka. Huchukua miaka 25, 30, wengine 40 na kupita, kabla ya kutaga mara ya kwanza. Chukua 30 kwa urahisi. Kitoto kilichotoka Maziwe mwaka 1975, mivinje ikiwa imesimama, kilikuja kutaga karibu mwaka 2005, yaani wakati ule ule walinzi walipoanza kazi. Viota vya kwanza walivyohamisha, basi, vilikuwa vya majike waliozaliwa kisiwani kukiwa na miti, au waliozaliwa fukwe jirani. Sasa chukua kitoto cha mwaka 1990. Hakipo. Kisiwa kilikuwa kimeshazama na hakuna aliyekuwa akihamisha chochote. Mayai ya miaka ile, yale yasiyochukuliwa na watu, yalizama. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpaka katikati ya miaka ya 2000 kuna pengo la takribani miaka 25 ambayo Maziwe karibu haikutoa kitu.

Pengo hilo halikuonekana lilipotokea, kwa sababu mama wazee waliendelea kuja kutaga kila baada ya miaka miwili, mitatu au minne, kila msimu wakirudi mara kadhaa kwa kupishana wiki mbili hivi. Fungu lilikuwa na alama za mapezi kama kawaida. Linaonekana sasa hivi, miaka hii tunayoishi, ambapo mabinti wa miaka ya 1980 na 1990 ndio wangepaswa kushika nafasi za mama zao. Na vitoto vya kwanza vya Ushongo, vya mwaka 2006 tuseme, havitarajiwi kutaga kabla ya 2036 hivi.

Kwa hiyo idadi ya viota Maziwe ikishuka katika miaka kumi ijayo, mfadhili atakayesema mradi umeshindwa atakuwa anauadhibu kwa makosa ya 1985. Na isiposhuka? Basi jibu langu ni kwamba wanaotaga pale hawakuzaliwa pale. Wametoka fukwe za jirani, na ya kwanza kuitazama ni Madete, iliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako kasa hutaga juu ya mchanga usiozama wala kuuzwa viwanja. Hapo Madete ndiyo ingekuwa akiba ya pwani hii yote, na ingestahili kulindwa kwa nguvu kuliko boti ya Maziwe. Vinasaba vinaweza kulijibu swali hilo kwa kipande kidogo cha ngozi ya mama anayetaga. Naona hiyo ndiyo pesa ya kwanza ya utafiti inayofaa kutumika Pangani, kabla ya jengo lingine la maonyesho.

Kuna jambo moja ambalo linaweza kuyafuta yote haya. Kati ya vitoto elfu moja, anayefikia utu uzima inakadiriwa ni mmoja hivi. Mama mmoja hutaga mayai kama 440 kwa msimu mzuri wa viota vinne. Maana yake ni kwamba mama mmoja mzima anayefia kwenye wavu wa jarife ni zaidi ya misimu miwili mizima ya mayai ya mama mwingine, yote yakiwa yametotolewa bila hata moja kuoza. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walifanya hesabu kama hii kwa kasa wa pwani yao, wakaona kwamba hata wangeokoa mayai yote, idadi ingeendelea kuporomoka wakubwa wakizidi kuzama nyavuni. Hapo ndipo nguvu ikahamia kwenye nyavu za kuvulia kamba wa baharini na vifaa vya kumtoa kasa wavuni. Sisi bado tunapenda mayai. Mayai yanaonekana, yanahesabika, hayabishani. Mwenye jarife ana watoto wa kulisha, na jarife lenyewe, lenye macho makubwa ya kunasa papa na taa, hutegwa usiku na kuachwa. Kasa anahitaji kupanda kuvuta pumzi. Akinasa, mwenye wavu humkuta asubuhi amekufa, akamkata nyama kimya kimya kwa sababu sheria inakataza, na hakuna anayeandika popote.

Nyama hiyo nayo ina habari zake. Machi 2024, ng'ambo ya mkondo kutoka Pangani, Kisiwa Panza huko Pemba, watoto wanane na mama wa mmoja wao walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa. Pemba hiyo hiyo ilikuwa imezika watu saba mwezi Novemba 2021 kwa sababu hiyo hiyo. Sumu ile haiondoki kwa kupikwa na haina dawa ya kuiua, na kasa mwenye nayo hana alama. Kwenye vikao vya wavuvi hoja hii huingia masikioni upesi kuliko ya kutoweka kwa viumbe, na sioni aibu kuitumia.

Oktoba 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimtoa kasa huyu kwenye kundi la walio hatarini kutoweka na kumweka kwenye kundi la wasio na wasiwasi mkubwa. Idadi yake duniani imepanda kwa asilimia 28 hivi tangu miaka ya 1970. Nimeifurahia habari hiyo. Lakini ni wastani wa dunia, na wastani wa dunia haujui kwamba fungu lililo mbele ya Ushongo lilikosa kizazi kizima. Ng'amba hata kwa wastani bado yuko pabaya, katika daraja la hatari kubwa kabisa.

Ningekuwa na sauti Pangani ningeomba vitu viwili vya bei ndogo. Kwanza, daftari la kila kiota kilichohamishwa, likisema tarehe, saa mayai yalipofukuliwa na saa yalipozikwa, mahali kilipozikwa, juani au kivulini, na mangapi yalitotolewa, litunzwe nakala tatu mahali patatu, kwa sababu atakayelihitaji kweli huenda leo yuko darasa la pili. Pili, kila kasa aliyekufa wavuni na kila mzoga uliosukumwa ufukweni kati ya Pangani na Mkwaja uandikwe katika daftari hilo hilo, ukurasa wa upande wa pili, ili anayehesabu vitoto vilivyotoka msimu huo asifunge daftari bila kuona mama wangapi wametoka upande ule mwingine.